Toscanini aliongozaje Aida bila nota akiwa na miaka 19? Swali kwa walimu wa kwaya na bendi, Mtwara na Lindi

Besi wa Ligula

Habari za jioni walimu. Kuna semina ya viongozi wa kwaya na bendi hapa Mtwara msimu wa korosho ukiisha, na mada niliyopewa ni maisha ya Arturo Toscanini, yule mwongozaji wa okestra wa Italia. Kila nikigusa habari zake nakutana na hadithi ileile: kijana wa miaka 19 anainuka kwenye kiti cha wapigaji, anafunga kitabu cha nota, anaongoza opera nzima kwa ghibu. Ikisimuliwa hivyo ni muujiza, na muujiza haufundishiki.

Washiriki ni watu wanaosoma sol-fa, wana kwaya za watu 25 hadi 40, kinanda kimoja cha umeme, na wachache wana bendi ya tarumbeta. Naomba mnaojua mnieleze: pale Rio de Janeiro, Brazili, alikoongoza Aida, ilikuwaje hasa, kazi yake ilikwendaje kutoka hapo, na ni kipi mwalimu wa kwaya wa Newala au Nachingwea anaweza kukichukua akakitumia Jumatano jioni kwenye mazoezi. Sifa tupu tunazo za kutosha.

---

Selo Kavu

Mwalimu, tuanze na Rio, maana ndiko hadithi inakokatwa kichwa.

Toscanini alizaliwa Parma tarehe 25 Machi 1867. Baba yake, Claudio, alikuwa fundi cherehani aliyewahi kupigana chini ya Garibaldi, kiongozi wa vita vya kuunganisha Italia. Mtoto aliingia chuo cha muziki cha Parma akiwa na miaka 9, akakaa bweni, akahitimu selo, ile violini kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, mwaka 1885 kwa alama za juu. Mwaka uliofuata akaajiriwa na kundi la opera lililokuwa likienda Brazili. Hapa ndipo wasimuliaji wanaporuka: hakuchukuliwa kama mpiga selo tu, alichukuliwa pia kama msaidizi wa mwalimu wa kwaya. Kazi ya msaidizi huyo ni kuketi kwenye piano na kurudiarudia sauti za kila mtu mpaka ziingie. Anayefundisha besi leo, soprano kesho na waimbaji wakuu keshokutwa, anajikuta ameshika opera nzima bila hata kukusudia.

Kundi lilipofika Rio de Janeiro, mwongozaji wao, Leopoldo Miguez, ambaye alikuwa Mbrazili, aligombana nao akajiuzulu, na malalamiko yake yakatoka magazetini. Usiku wa tarehe 30 Juni 1886 onyesho lilikuwa Aida ya Verdi. Naibu wake, Carlo Superti, alipopanda tu akazomewa, maana watu walikuja wakiwa upande wa mwenzao. Mwalimu wa kwaya naye akajaribu, yakamkuta yaleyale. Ndipo waimbaji wakamsukuma yule kijana wa selo. Walijua wanachofanya, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha. Akapanda, akafunga nota, akaongoza hadi mwisho, na ziara iliyobaki ikawa mikononi mwake.

Kufunga kitabu nako kulikuwa na sababu ya mwilini. Macho yake hayakuona mbali. Ili asome nota juu ya stendi angelazimika kuinama pua iguse karatasi, na mwongozaji aliyeinama haonekani na waimbaji. Kwa hiyo kuhifadhi kwake kulikuwa kama kwa mtoto wa madrasa aliye na msahafu mmoja kwa watoto kumi: usipoweka kifuani, zamu yako ikifika huna kitu.

Jambo la pili ambalo ningeliweka kwenye semina kabla ya sifa zote: baada ya Rio alirudi Italia, Novemba 1886 akaongoza Edmea ya Alfredo Catalani mjini Turin, watu wakampenda. Halafu tarehe 5 Februari 1887, Otello ya Verdi ilipochezwa mara ya kwanza La Scala, ukumbi mkuu wa opera wa Milan, alikuwa ameketi selo ya pili. Alirudi kwenye kiti kwa hiari yake ili amwone Verdi mwenyewe akifanya mazoezi na okestra. Sisi huku mtu akishashika kijiti wiki mbili, kumrudisha kwenye benchi la besi ni kesi ya baraza la parokia.

---

Tena wa Nyangao

Nijazie upande wa kazi, kwa haraka, maana tarehe zake ni nyingi na si zote zina faida kwenye semina.

Mei 1892 aliongoza onyesho la kwanza la Pagliacci ya Leoncavallo, Milan. Tarehe 1 Februari 1896 onyesho la kwanza la La bohème ya Puccini, Turin. Mwaka 1898, akiwa na miaka 31, akapewa La Scala yenyewe. Huko alizima taa za ukumbini wakati wa onyesho, akawaambia akina mama wavue kofia zinazoziba walio nyuma, na akakataa wimbo kurudiwa katikati ya opera kwa ajili ya makofi. Mwaka 1903 hadhira iling'ang'ania wimbo urudiwe, akaondoka katikati ya onyesho na hakurudi La Scala hadi 1906. Kutoka 1908 hadi 1915 alikuwa Metropolitan Opera, New York. Akarudi La Scala 1921 hadi 1929. Tarehe 25 Aprili 1926 aliongoza Turandot ya Puccini kwa mara ya kwanza. Mtunzi alikuwa amekufa kabla ya kumaliza, na usiku ule Toscanini alisimama pale kalamu ya Puccini ilipokomea. Baadaye New York Philharmonic hadi 1936, kisha okestra ya NBC, kampuni ya redio ya Marekani, iliyoundwa kwa ajili yake mwaka 1937, alipokuwa na miaka 70. Aliiongoza hadi 1954. Alifariki New York tarehe 16 Januari 1957, akazikwa Milan.

Kwa wenye bendi: wakati wa vita vya kwanza, mwaka 1917, aliongoza bendi ya jeshi kwenye mlima Monte Santo huku mapigano yakiendelea, akapewa nishani ya fedha. Kwa hiyo asije mtu akasema bendi ya shaba ilikuwa chini ya hadhi yake.

Siasa usiiruke, lakini usiipake rangi moja. Mwaka 1919 jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wagombea wa Mussolini huko Milan, na walishindwa vibaya. Baadaye akawageuka kabisa. Tarehe 14 Mei 1931, Bologna, alikataa kupiga wimbo wa chama cha Mussolini, Giovinezza, kabla ya tamasha. Vijana wa chama wakamzaba makofi mlangoni, na serikali ikamnyang'anya pasi ya kusafiria. Mwaka 1933 akakataa kurudi Bayreuth, kwenye tamasha la opera za Wagner huko Ujerumani, kwa sababu ya utawala wa Hitler, ingawa alikuwa ameongoza pale 1930 na 1931. Mwisho wa 1936 akaenda Tel Aviv kuongoza tamasha la kwanza la okestra mpya iliyokuwa na wanamuziki waliokimbia Ulaya.

---

Mama Solfa

Salaam wote. Mimi nashika swali la Jumatano jioni.

Kuhifadhi wimbo wa kwaya kuna utaratibu, na unaanza na kalamu. Chukua karatasi tupu, hesabu vipimo vya wimbo, yaani vile vyumba kati ya mistari ya wima. Tuseme ni 64. Andika namba 1 hadi 64 kwa mistari, na kila mstari ukomee pale sentensi ya muziki inapopumua. Mara nyingi itakuwa vipimo 4 au 8, lakini usilazimishe, maana ile sentensi yenye 5 au 7 ndiyo itakayokuangusha. Juu ya namba weka herufi: S, A, T, B (soprano, alto, tena, besi), pale kila sauti inapoingia. Chini yake weka nguvu: polepole, inapanda, kwa nguvu, inashuka. Karatasi hiyo moja ndiyo ramani.

Kisha jifunze besi kabla ya soprano. Soprano ina ladha, itaingia yenyewe hata ukiwa umelala. Mwalimu aliyehifadhi soprano peke yake anaonekana kuwa ameshika wimbo mpaka siku waimbaji wa tena wanapopotea. Hapo hana cha kuwapa, kwa sababu sauti yao haijawahi kukaa kichwani mwake. Imba besi huku ukipiga sauti ya tena kwenye kinanda, halafu geuza.

Mtihani wa kwanza: funga nota, chora ramani upya kwa ghibu, linganisha. Palipokosewa ndipo pa kurudi, si mwanzo. Wengi wakikosea kipimo cha 41 wanaanza tena cha 1, matokeo yake mwanzo unang'aa na mwisho unapwaya.

Mtihani wa pili ni wa saa. Wimbo wa vipimo 64, mapigo 4 kila kipimo, una mapigo 256. Kwa kasi ya 80 kwa dakika ni dakika 3 na sekunde 12. Kaa kimya, ongoza kwa mkono bila sauti, anza saa ya simu. Ukimaliza kwa dakika 2 na sekunde 50, ama umekimbia ama umeruka kipande. Ukitaka kujua ni lipi, rudia huku ukihesabu namba za vipimo kwa kunong'ona.

Mahali pa hatari ni pacha: sehemu mbili zinazoanza sawasawa lakini moja inarudi nyumbani na nyingine inakwenda kwingine. Beti ya kwanza inaishia kwenye kiitikio, beti ya mwisho inaishia kwenye amina, na mkono unaenda kulekule ulikozoea. Ziandike pacha hizo ubavuni, moja hapa moja pale, na uzungushie kalamu nyekundu nota ya kwanza inayotofautiana. Ndiyo hiyo tu ya kukariri.

Na wasidanganywe kuwa kumbukumbu haichoki. Tamasha la mwisho la Toscanini lilikuwa tarehe 4 Aprili 1954, Carnegie Hall, nyimbo za Wagner, akiwa na miaka 87. Katikati ya muziki wa Tannhäuser alipotea. Waliokuwa kwenye mitambo ya redio wakakata matangazo, wakaweka santuri ya Brahms kwa muda mpaka alipojirudi. Kwa hiyo hifadhi, ila weka nota kwenye stendi. Hakuna anayepewa alama kwa kuziacha nyumbani.

---

Tarumbeta Masasi

Shikamoo Mama Solfa. Naongeza mkono, kwa sababu kumbukumbu bila mkono haisikiki.

Kosa kubwa la huku ni pigo la maandalizi. Mwongozaji anahesabu "moja, mbili, tatu, haya!" kwa sauti, kisha anaanza kwa kasi nyingine. Pigo la maandalizi ni moja, la kimya, na linabeba mambo mawili: kasi na nguvu. Likiwa kubwa na wimbo unaanza polepole, nusu ya kwaya itaingia kwa kelele. Waimbaji wanavuta pumzi kwenye pigo hilohilo, kwa hiyo na wewe vuta pumzi nao, mdomo wazi. Utaona besi wameingia pamoja bila kusemwa.

Mfano mgumu kuliko yote ni mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven, ambayo Toscanini aliirekodi zaidi ya mara moja na NBC. Kila mtu anajua zile nota nne. Wasichojua ni kwamba kipimo kinaanza na pumziko la nota ya nane; zile tatu fupi zinafuata pumziko. Kasi aliyoandika Beethoven ni 108, pigo moja kwa kila kipimo. Ukitoa mapigo mawili ya maandalizi, wapigaji hawajui lipi ni lao. Ukitoa moja legevu, zile tatu zinageuka kuwa tatu za kugawana pigo zima, na wimbo unalemaa kabla haujatembea. Dawa: pigo moja kavu kushuka, kimya, kama unagonga meza, na wapigaji waingie kwenye mrudisho wake. Halafu kuna vituo viwili virefu, na cha pili kina kipimo kimoja zaidi ya cha kwanza. Wengi huvifanya sawa. Nyimbo zetu zinazoanza nje ya pigo, na ziko nyingi, zina tatizo hilohilo kwa udogo.

Bendi za maandamano: sauti hutembea mita 340 hivi kwa sekunde. Kama ngoma kubwa iko mita 34 nyuma ya tarumbeta za mbele, sauti yake inafika ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kasi ya 120 pigo zima ni nusu sekunde, kwa hiyo umeshachelewa sehemu ya tano ya pigo. Mpigaji anayefuata masikio ataburuta kila wakati na hatajua kwa nini. Ngoma ikae katikati ya msafara, na wote wafuate macho: mkono ulioinuka, au miguu ya mstari wa mbele.

Mwenye bendi akitamani maandamano ya Aida yenyewe, ajue mtego wake. Verdi aliandika tarumbeta sita ndefu zilizonyooka, tatu katika A bemoli (A iliyoshushwa nusu sauti) na tatu katika B, na wimbo unaruka kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Tarumbeta zetu ni za B bemoli. Kwenye sehemu ya pili utakuwa unapiga ukiwa na dizi saba, yaani alama saba za kupandisha nusu sauti, na hapo bendi inafia. Anzisha wimbo katika B bemoli halisi, sehemu ya pili itaangukia D bemoli. Kwa mpigaji wa tarumbeta hiyo ni C kisha E bemoli, na vidole vinapumua.

Kijiti: sentimita 30 hadi 40, chepesi, ncha nyeupe. Kwa kwaya ya watu 30 mkono mtupu unatosha.

---

Besi wa Ligula

Asanteni sana, hii sasa ni semina. Nina kipengele kimoja kinanitatiza. Vitabu vinamsifu Toscanini kuwa alifuata nota kama zilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Lakini mwalimu wa kwaya anajua kuwa ukiimba nota kama zilivyo, bila chochote, inatoka kama tangazo la mnada. Nisemeje?

---

Selo Kavu

Sema kisa cha Te Deum. Mwaka 1898 Toscanini alikuwa anaandaa Turin nyimbo takatifu za Verdi, na Te Deum, wimbo wa sifa wa Kilatini ulioandikwa kwa kwaya mbili, ilikuwa mojawapo. Akaenda Genoa kumwona mzee mwenyewe. Inasimuliwa kuwa alipoipiga kwenye piano alipunguza kasi kidogo mahali ambapo nota hazisemi kitu, na Verdi akamsifu. Alipoulizwa kwa nini basi hakuandika, Verdi akajibu kuwa angeandika, waongozaji wangepunguza kupita kiasi.

Maana yake "kama ilivyoandikwa" kwa Toscanini ilikuwa vita dhidi ya mazoea. Wakati wake waimbaji wa opera walishikilia nota za juu wanavyotaka, waongozaji wakakata kurasa, na kila mji ulikuwa na "desturi" yake. Yeye alisafisha hayo kwanza, ndipo akapumua ndani ya nota. Kwenye kwaya zetu mfuatano ni uleule: ondoa kwanza yale maburuto ya mwisho wa kila mstari ambayo hakuna aliyeyaandika. Ukishayatoa, ndipo utajua pale panapohitaji kweli kupunguzwa.

---

Alto Shangani

Samahanini wakubwa, mimi nitatibua. Kwa nini Toscanini? Alipiga kelele, alivunja vijiti, alitupa nota chini. Okestra ya NBC ililipwa mshahara, ikavumilia. Kwaya ya parokia inakuja bure, baada ya shamba na soko. Mtukane mwimbaji wa tena mara mbili, Jumapili umebakiwa na tena wawili tu.

Mchukueni Claudio Abbado, mwongozaji mwingine wa Italia. Milan, 26 Juni 1933, hadi Bologna, 20 Januari 2014. Baba yake Michelangelo alikuwa mpiga violini na mwalimu. Alipokuwa anasoma Vienna kwa Hans Swarowsky, mazoezi ya waongozaji wakubwa yalifungwa kwa wanafunzi. Yeye na mwenzake Zubin Mehta wakajiunga na kwaya, wakaimba besi, na hivyo wakakaa mbele ya Karajan na Bruno Walter wakitazama mikono yao kwa saa nyingi. Hapo ndipo somo lenu la Rio linapojirudia: mlango wa uongozaji ulikuwa kwaya. Akashinda tuzo za waongozaji, ya Koussevitzky 1958 na ya Mitropoulos 1963, akaongoza La Scala kutoka 1968 hadi 1986, na London Symphony pia, kisha opera ya Vienna, na mwaka 1989 wapigaji wa Berlin Philharmonic wenyewe wakampigia kura kuchukua nafasi ya Karajan. Alikaa hadi 2002.

Namna yake ya mazoezi: maneno machache mno. Neno alilorudia ni "sikilizeni". Hakuwa anataka wapigaji wamfuate yeye tu. Alitaka mpiga obo, ile ala ya kupuliza, amsikie mpiga selo. Hilo linafanyika kesho: wapange waimbaji kwenye duara badala ya mistari, mwalimu akae nje ya duara, waimbe beti moja bila kuongozwa. Itaharibika mara ya kwanza. Wataanza kwa mashaka na kasi itashuka, kwa sababu kila mmoja anasubiri mwingine. Mpe mmoja, mara nyingi alto wa katikati, kazi ya kuvuta pumzi kwa kuonekana. Mara ya tatu wanaanza pamoja. Kisha warudishe kwenye mistari na uone mkono wako ulivyopata nafasi ya kufanya mambo mengine, si kuhesabu tu.

Na alijenga vijana. Okestra ya vijana ya Jumuiya ya Ulaya 1978, ya Gustav Mahler 1986, Orchestra Mozart ya Bologna 2004. Aliugua saratani ya tumbo mwaka 2000, na Januari 2001 alikuwa Berlin akiongoza Requiem (misa ya wafu) ya Verdi, amekonda nguo zinampwaya.

---

Tena wa Nyangao

Dada, hujatibua kitu, umeongeza nusu ya pili ya mada. Ila usiwatenge sana. Abbado naye aliongoza kwa ghibu, na kazi hiyo ya kimya mezani ni ileile ya Toscanini. Kilichotofautiana ni kinachotokea baada ya kosa. Mmoja alilipuka, mwingine alisimamisha mkono akangoja.

Mwongozaji Riccardo Muti yuko katikati yao, mzaliwa wa Naples, 1941, mkali kwa nota lakini mcheshi. Machi 2011, opera ya Roma, hadhira ilidai Va, pensiero, wimbo wa kwaya wa Verdi, urudiwe. Akasema maneno kuhusu bajeti ya utamaduni kukatwa, akageuka, akawaongoza watu wote ukumbini waimbe. Toscanini yule wa 1903 angeshaondoka.

---

Besi wa Ligula

Umenigusa na hiyo Va, pensiero. Kuna kwaya ya watu 32 wanataka kuiimba kufunga semina. Inawezekana kwa muda wa wiki sita? Na wasikilize rekodi ipi, kwa bando dogo?

---

Mama Solfa

Inawezekana, na ni rahisi kuliko sifa zake, kwa sababu sehemu kubwa kwaya nzima inaimba sauti moja. Inatoka Nabucco ya Verdi, 1842, na maneno yanafuata Zaburi ya 137, mito ya Babeli. Ni wimbo wa opera, kwa hiyo uwekeni kwenye tamasha, msiupeleke kwenye misa. Verdi alipozikwa upya mwaka 1901 mjini Milan, Toscanini ndiye aliyeuongoza kwa kwaya ya watu mia nane hivi. Kwaya kubwa namna ile inaokolewa na sauti moja; na ya watu 32 vilevile.

Ufunguo ni F dizi. Kwa msoma sol-fa, Do ni Do. Kwa mpiga kinanda ni dizi sita, hivyo apige katika F na aweke kitufe cha kuhamisha ufunguo kwenye +1, au muuache hukohuko F, soprano wenu watashukuru. Mapigo manne taratibu. Ala zinagawa kila pigo kwa tatu, huku waimbaji wakiwa mara kwenye nota yenye nukta, mara kwenye tatu. Hapo ndipo kwaya huteleza: wanafanya zote kuwa tatu na wimbo unakuwa wa kubembea. Wasome maneno kwa mdundo bila sauti, wakipiga tatu kwa kidole kwenye paja, kabla ya kuimba hata nota moja. Wiki nzima ya kwanza iwe hiyo na matamshi.

Mwanzo ni wa kunong'ona. Mkianza kwa nguvu, pale penye "Arpa d'or", ambapo sauti zinagawanyika ghafla na kupaza, hamtakuwa na mahali pa kupanda. Fundisheni sehemu hiyo kwanza, wiki ya pili na ya tatu, kila sauti kona yake dakika 10, kisha besi na soprano pamoja, ndipo waimbaji wa tena na alto waingizwe. Sehemu za sauti moja zifuate wiki ya nne. Mwisho wa wimbo unatoweka taratibu, na hapo besi hushuka chini ya nota kwa kukosa pumzi. Wavute pumzi kwa kupokezana, wawili wawili, kwa zamu mliyopanga na kuandika kwenye nota.

Rekodi: tafuteni video za NBC, Toscanini alipigwa picha za televisheni kwenye matamasha kumi kati ya 1948 na 1952, na Aida ya 1949 imo. Chagueni ubora wa chini, picha haina rangi na sauti ni ya zamani hata hivyo, bando litatosha. Sauti itasikika kavu. Nyingi zilifanywa kwenye studio 8H ambayo haikuwa na mwangwi, kwa hiyo msiige ukavu huo. Tazameni mkono wa kulia tu, dakika tano, sauti ikiwa imezimwa, na kila mshiriki aandike alichoelewa kuhusu kasi na nguvu. Halafu washeni sauti. La bohème ya 1946 ni ya kusikia: miaka hamsini kamili baada ya lile onyesho la kwanza la Turin, na mzee anasikika akiimba juu ya waimbaji wake. Waambieni walimu hilo wasiliige kabisa.

---

Tarumbeta Masasi

Kama mtaimbia ndani ya kanisa refu lenye mwangwi, punguzeni kasi kidogo na mkate herufi za mwisho kwa pamoja, mwongozaji azionyeshe kwa mkono wa kushoto. Na mpiga kinanda asikae nyuma ya besi. Awe pale anapoona uso wako. Umeme ukikatika, wanaume washike Do, endeleeni.